Nani Aliyehesabu? Jinsi ya Kusoma Visa vya Uwindaji na Wanyama Hatari

Fisi mmoja akiingia bomani Namoruputh usiku wa Jumatatu na kuondoka na mbuzi, Jumanne asubuhi kwenye foleni ya maji utasikia kwamba walikuwa fisi wawili. Kufikia jioni, dukani, wamekuwa watano, na mmoja wao ana ukubwa wa ndama. Aliyewafukuza, ambaye asubuhi alikiri kwamba alirusha jiwe gizani kisha akarudi ndani mbio, sasa alisimama nao ana kwa ana akiwa na fimbo tu. Hakuna anayemwita mwongo. Wasikilizaji wanacheka, kila mmoja anaongeza chumvi yake kidogo, halafu wanakwenda kuziba uzio wa miiba vizuri zaidi kuliko jana.

Mwanafunzi wa kidato cha nne, ikiwa umekulia upande huu wa Lodwar na Kakuma, hicho ndicho kisa cha mnyama hatari, na tayari unajua kukisikiliza. Unajua nani huongeza na nani hupunguza. Unajua kwamba mbuzi mmoja kweli hayupo. Tatizo huja kisa cha namna hiyo kinapochapishwa. Kikiwa na jalada, tarehe, ramani na picha ya mwandishi amesimama juu ya mzoga na bunduki mkononi, ule ujuzi wa kwenye foleni ya maji unaachwa nje ya mlango wa darasa. Sehemu hii ya mwongozo inakutaka uingie nao.

Vitabu tutakavyovitaja havimo katika orodha ya vitabu teule, na hutaulizwa kuvihusu kwa majina katika karatasi ya 102/3. Lakini utaulizwa kuhusu msimulizi, taharuki, chuku, kinaya, uhusika na majigambo, na ni vigumu kupata mahali ambapo mambo hayo yanaonekana waziwazi kama kwenye kitabu cha mwindaji.

Simba wa Tsavo

Tuanze na kisa kinachojulikana zaidi nchini Kenya. Mnamo Machi 1898, John Henry Patterson, mwanajeshi na mhandisi aliyetoka Uingereza, alifika Tsavo kusimamia ujenzi wa daraja la reli iliyokuwa ikitoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Muda si muda simba wawili madume, wasio na manyoya shingoni, walianza kuwatoa wafanyakazi ndani ya mahema usiku. Wengi wa wafanyakazi hao walikuwa vibarua walioletwa kutoka India. Walijenga boma za miiba, wakawasha moto, wakapiga madebe. Simba waliingia vivyo hivyo. Ilifika Desemba mamia ya vibarua wakajilaza juu ya reli ili gari moshi lisimame, wakalipanda na kukimbilia Mombasa. Kazi ilikwama kwa majuma kama matatu. Patterson alimuua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba, na mwaka 1907 akachapisha kitabu alichokiita The Man-Eaters of Tsavo.

Soma usiku wa simba wa kwanza kama mwanafunzi wa fasihi. Patterson ameketi peke yake juu ya ulingo mwembamba wa miti, chini yake kuna mzoga wa punda uliowekwa kama chambo. Simba anakuja. Badala ya kumwendea punda, anaanza kumzunguka mwindaji gizani, polepole, kwa takriban saa mbili. Mwindaji amekuwa windo. Hiyo ni kinaya, na muda unavyorefushwa bila jambo lolote kutokea ni taharuki. Kisha kitu kinampiga kisogoni. Anadhani ni simba amemrukia. Kumbe ni bundi aliyemdhania kuwa tawi la mti.

Kwa nini mwandishi aliye shujaa wa kisa chake mwenyewe amwingize bundi huyo? Mtahini angependa kusikia jibu lako kabla ya langu. Mimi naona sababu mbili. Kwanza, bundi anaonyesha hofu bila msimulizi kulazimika kusema kwamba aliogopa. Pili, na hili ndilo la kuangalia sana, mtu akikiri aibu ndogo huaminiwa anapodai jambo kubwa. Msimulizi wa nafsi ya kwanza hukununua imani yako kwa senti, kisha akaitumia kwa mamia. Usikasirike, ndiyo kazi yake. Yako ni kuona malipo yalipofanyika.

Na dai kubwa lenyewe ni idadi ya waliokufa. Katika kitabu chake Patterson aliandika kwamba simba hao waliwaua vibarua 28 wa Kihindi, mbali na Waafrika ambao idadi yao haikuandikwa popote. Katika maandishi ya baadaye, baada ya kuziuza ngozi na mafuvu ya simba kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago mwaka 1924, jumla ilikuwa imefika watu 135. Fisi wa Namoruputh, unaona, hawakuwa wa kwanza kuongezeka. Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mifupa na manyoya ya simba hao. Chakula anachokula mnyama huacha alama ya kikemia mwilini mwake, na kwa alama hizo walikadiria kwamba simba wote wawili walikula watu wapatao 35, mmoja akiwa amekula zaidi ya maradufu ya mwenzake. Hesabu hiyo ni ya walioliwa, na mtu anaweza kuuawa bila kuliwa. Kwa hivyo usikimbilie kuandika kwamba Patterson alidanganya. Andika kwamba ametumia chuku, onyesha idadi ilivyobadilika kati ya andiko na andiko, na ueleze chuku hiyo inamnufaisha nani.

Lakini swali lililo zito kuliko 28 na 135 limo katika lile neno dogo "mbali na". Vibarua wa Kihindi walihesabiwa kwa sababu majina yao yalikuwa katika daftari la mwajiri. Waafrika walioliwa katika nyika hiyo hiyo hawakuwa na daftari. Patterson anatupa urefu wa simba wa kwanza, futi 9 na inchi 8 kutoka pua hadi ncha ya mkia, na anatuambia kwamba wanaume wanane walihitajika kumbeba hadi kambini. Simba ana inchi zake. Mwanakijiji aliyeliwa hana hata jina. Ukiulizwa ujadili maudhui ya ukoloni katika matini ya aina hii, hapo ndipo pa kuanzia, si kwenye kofia na bunduki.

Kivugo na sifo

Katika fasihi simulizi umefunzwa kwamba kivugo, au majigambo, ni utungo wa kujisifu anaojitungia mtu mwenyewe, na kwamba sifo ni utungo wa kumsifu mtu mwingine. Watahiniwa wengi huzichanganya. Kitabu cha Tsavo kinaweza kukusaidia, kwa maana kimebeba vyote viwili. Simulizi yenyewe ni kivugo cha nathari: iko katika nafsi ya kwanza, inahusu ushujaa, ina chuku, na anayetamba ndiye aliyetenda. Ndani yake, hata hivyo, Patterson ameweka tafsiri ya shairi lililotungwa kwa lugha ya Kihindustani na fundi mmoja aitwaye Roshan, la Januari 1899, baada ya simba wote kufa. Hilo ni sifo. Vibarua walimpa pia bakuli la fedha.

Sasa fikiria muktadha, maana fasihi simulizi bila muktadha ni maneno matupu. Miezi michache kabla ya sifo hiyo, kwa maelezo ya Patterson mwenyewe, baadhi ya mafundi waliokuwa chini yake walikula njama ya kumuua. Je, Roshan alitunga kwa shukrani ya kweli, au kwa kuwa msimamizi alikuwa hapo anasikiliza? Inawezekana yote mawili ni kweli kwa pamoja. Mtu aliyelala miezi mingi akisubiri kuvutwa mguu nje ya hema ana haki ya kumshukuru aliyeua simba, hata kama hampendi. Ninachotaka ukione ni kwamba kati ya sauti zote za vibarua wa Tsavo, iliyopewa nafasi ya kutunga katika kitabu hicho ni ile iliyomsifu mwenye kitabu.

Hapa kwetu majigambo yana sura nyingine. Mwanamume wa Kiturkana hujisifu kupitia dume lake la ng'ombe: rangi yake, pembe zake zilivyopindwa, na jina ambalo yeye mwenyewe hulichukua kutokana na dume hilo. Na wanyama wakali nao wamo, ila si kama maadui wa kupigwa picha nao. Wanaume wamegawanyika katika makundi mawili yanayopokezana vizazi, Ngimor, yaani mawe au milima, na Ngirisai, yaani chui. Baba akiwa jiwe, wanawe ni chui, na wajukuu wanarudi kuwa mawe. Muulize babu yako yuko upande upi, halafu soma tena picha ile ya mwindaji amekanyaga chui. Utaiona kwa jicho ambalo mpigapicha hakulitarajia.

Chui milia aliyezikwa Nyeri, au tuseme mwindaji wake

Barani Afrika hakuna chui milia wa porini. Jina lenyewe linakuambia kwamba Kiswahili kilimwona kwa mbali: kilichukua chui kinayemjua, kikamchora milia kama ya punda milia. Wengine humwita simbamarara. Hata hivyo mwandishi maarufu kuliko wote wa visa vya chui milia amezikwa Kenya. Jim Corbett alizaliwa Nainital, India, mwaka 1875, akahamia Kenya pamoja na dada yake mwaka 1947, akaishi Nyeri katika nyumba ndogo iliyojengwa awali kwa ajili ya Baden-Powell, yule mwanzilishi wa skauti, na akafa mwaka 1955. Kaburi lake liko Nyeri.

Kitabu chake, Man-Eaters of Kumaon, kilitoka mwaka 1944. Kinasimulia, pamoja na mengine, habari za chui milia jike wa Champawat, aliyesemekana kuwaua watu 436 nchini Nepal na India kabla ya Corbett kumpiga risasi mwaka 1907. Idadi hiyo nayo ni kubwa, na unaweza kuitilia shaka kama ulivyotilia zile nyingine. Lakini msimulizi huyu ana tabia tofauti na yule wa Tsavo. Corbett anatumia muda mwingi kuwaeleza watu wa vijiji: waliojifungia ndani siku kadhaa, mazao yaliyooza shambani, na mwanamke mmoja ambaye sauti ilimtoka siku dada yake aliponyakuliwa mbele ya macho yake, na ikarudi Corbett alipompelekea ngozi ya chui. Kisa ni cha mwindaji, ila uchungu ni wa kijiji.

Tofauti ya pili ni sababu. Corbett alimchunguza yule chui na kukuta meno yake makubwa ya upande mmoja yamevunjwa na risasi ya zamani. Aliamini kwamba chui milia hugeuka kuwa mla watu kwa kulazimika, kutokana na jeraha, miiba ya nungunungu iliyomchoma miguuni, au uzee. Jambo la ajabu ni kwamba mmoja wa simba wa Tsavo, fuvu lake lilipochunguzwa Chicago, alikutwa na jino kubwa lililovunjika na jipu kwenye mzizi wake. Mnyama mwenye jino la aina hiyo hawezi kumkaba nyati vizuri. Na mwaka 2024 nywele zilizokuwa zimenasa katika meno ya simba hao zilichunguzwa, zikaonekana za twiga, pundamilia, choroa, kuro, nyumbu, na za binadamu. Kwa hivyo hawakuwa mashetani waliokula watu tu. Walikuwa simba waliokula walichoweza.

Kwa mwanafunzi, hilo ni somo la uhusika. Mnyama akiwa katili bila sababu ni mhusika bapa. Akipewa jino bovu, anakuwa na msukumo, na msomaji anaanza kuhisi mambo mawili kwa wakati mmoja. Ernest Hemingway, katika hadithi fupi aliyoichapisha mwaka 1936 kuhusu tajiri wa Kimarekani anayemkimbia simba aliyejeruhiwa, alikwenda mbali zaidi: kwa kuwa alitumia nafsi ya tatu, usimulizi maizi, aliweza kwa muda mfupi kuingia ndani ya simba na kuonyesha risasi ilivyohisiwa naye. Patterson hangeweza kufanya hivyo. Nafsi ya kwanza ina mlango mmoja tu.

Waliopita hapa petu

Usidhani vitabu hivi ni vya Tsavo na India pekee. Ziwa letu liliingia katika vitabu vya Wazungu baada ya Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel kulifikia mwaka 1888, wakiwinda tembo na vifaru njia nzima, na kuliita Rudolf kwa jina la mwana wa mfalme wa Austria. Liliitwa hivyo hadi 1975. Arthur Neumann, mwindaji wa pembe, alichapisha kitabu chake mwaka 1898. Humo anasimulia jinsi mtumishi wake Shebane alivyonyakuliwa na mamba, na jinsi yeye mwenyewe alivyochomwa na tembo. Angalau Shebane ana jina.

Ukisimama Namoruputh ukatazama magharibi, milima ya Loima imekukinga usione Karamoja. Huko ng'ambo ndiko Walter Bell, Mskoti, alikowinda mwanzoni mwa karne ya 20 hadi akabandikwa jina la Karamojo Bell. Katika maisha yake aliua zaidi ya tembo 1,000. Vitabu vyake vina maneno machache na utulivu mwingi, hakuna bundi wala jasho, na wapo wanaomsifu kwa hilo. Mimi nakiri huwa naona ubaridi. Mtu anayeua tembo wengi kiasi hicho na kuandika kama karani wa ghala amekuambia jambo juu yake ambalo mwenye chuku hangekuambia. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na wewe, msomaji wa Loima, unaweza kumaliza shule bila kumwona tembo isipokuwa kwenye jalada la daftari.

Unapoandika kisa chako

Katika 102/1 unaweza kuulizwa insha ya kisa, na mnyama hatari ni kishawishi kikubwa. Nimesoma insha nyingi zinazokwenda hivi: "Simba alinguruma kwa sauti iliyotikisa milima na mabonde. Nywele zilinisimama tisti, kijasho chembamba kikanitiririka, nikajipa moyo konde." Hakuna kosa la sarufi hapo. Ila mtahini amezisoma sentensi hizo mara hamsini tangu asubuhi, na zote zimeandikwa na watu ambao hawakuwa na simba. Wewe ulikuwa na fisi. Jaribu hivi:

"Mbuzi walinyamaza kabla mbwa hajabweka. Mama aliinuka bila kuwasha tochi. Nilisikia miiba ya mathenge ikikwaruzana upande wa ghuba la ndama, halafu pumzi, fupifupi, kama ya mtu aliyepanda mlima. Nilitafuta jiwe kwa mkono nikashika kiatu."

Hakuna milima iliyotikisika, lakini msomaji yuko pale. Kiatu ndicho bundi wako. Na mbuzi akipotea, mwandike ni mmoja.

Idadi sahihi ina uzito hata nje ya karatasi ya mtihani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo, na dai hupitia kamati ya kaunti. Dai hilo nalo ni kisa: nani, wapi, saa ngapi, mnyama gani, nani alishuhudia. Kisa hicho kikiwa na fisi watano na ukubwa wa ndama, kinaweza kurudishwa. Katika familia nyingi anayeombwa kukiandika ni mtoto aliyefika kidato cha nne.

Zoezi

Mtafute mtu mzima wa kwenu aliyewahi kukutana na fisi, mamba, nyoka au chui, au kama unasoma Kakuma, mzazi wa mwenzako aliyevuka kutoka Sudan Kusini kwa miguu. Mwamkie ipasavyo, mwombe akusimulie, usimkatize. Andika kisa chake katika kurasa mbili kwa nafsi ya kwanza, kisha kiandike tena kwa nafsi ya tatu ukiwa pia umemtaja mtu mmoja aliyekuwapo ambaye msimulizi hakumpa jina. Huenda ukalazimika kurudi kwake kuuliza mtu huyo aliitwa nani.